Barua ya wazi kwa wakubwa wa utalii Malindi: mgeni aliuliza maziwa, nikampeleka dukani

Wakubwa wetu mnaosimamia utalii na barabara na mazingira hapa kwetu Malindi, asalaam aleykum, bwana asifiwe, habari za kazi, natumai hamjambo nyote na watu wa nyumbani.

Mimi ni dereva wa tuktuk. Steji yangu iko upande wa Uhuru Garden, pale kwenye sanamu ya Mekatilili, na kama kuna siku gari la ofisi lilikosa mafuta mkatoka kwa miguu kwenye jua basi huenda nishawabeba na hamkumbuki. Barua hii naiandika wazi manake ya kufungwa kwenye bahasha nishaandika, na ilikoishia nitawaambia mbele kidogo, msiwe na haraka.

Mwezi wa nane shule zilikuwa zimefungwa na mji haujachangamka sana, Wataliano wachache wako upande wa hotelini huko na sisi wa steji tunaangaliana tu. Niko nakunywa chai kwa mahamri na mbaazi, akaja mama mmoja wa makamo na mumewe na watoto wawili. Wametoka Nakuru, wameshuka treni ya SGR Mombasa wakapanda matatu mpaka hapa, wamelala gesti. Akanisalimu vizuri, akaniambia, kaka, tupeleke maziwa.

Nikamuuliza, ya ng'ombe ama ya pakiti?

Akasema yoyote tu, kama yako mawili tutaona yote mawili.

Nikajua bas huyu mama labda mtoto hajala, nikawapakia mpaka duka moja karibu na soko, nikazima tuktuk nikamwambia maziwa ndo hapo mama. Akaliangalia lile duka, akamuangalia paka amelala juu ya gunia la mchele, akamuangalia mumewe, alafu akacheka mpaka akashika chuma cha tuktuk. Maziwa ya maji, kaka! Eti amesoma kwamba Malindi ni mji wa kale wa baharini wenye maziwa na msitu na ndege, na wao kwao Nakuru wamezoea ziwa, wakasema waje waone la wenzao.

Wakubwa, mimi nimezaliwa Barani na nimelelewa hapa hapa, na nawaapia sijawahi kusikia mtu akiisifu Malindi kwa maziwa. La kwanza lililonijia kichwani ni Kisumu Ndogo, alafu nikakumbuka Kisumu Ndogo ni mtaa tu na maji yake ni yale ya mvua ikinyesha. La pili ni Marafa, kwa ile hadithi ya matajiri waliokuwa wakioga maziwa na jirani zao hawana cha kunywa mpaka Mungu akaudidimiza mji wao ukawa lile shimo la Nyari. Kwa hiyo mgeni anauliza ziwa na mwenyeji anatafuta ng'ombe. Hapo ndo penye barua yangu.

Sisi madereva tuna orodha yetu tuliyoikariri kama dua. Mgeni akipanda tu tunamwambia nguzo ya Vasco da Gama, kanisa dogo la Wareno, makaburi ya nguzo pale msikiti wa Jamia, magofu ya Gede, boti za kioo kwenye hifadhi ya baharini, jioni Marafa jua likizama. Orodha nzuri, simdanganyi mtu. Gede imeingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO 2024 na hata wazee wa Gede wenyewe walifurahi, hifadhi ya baharini ni ya 1968 na hiyo na ya Watamu ndo za kwanza Kenya. Lakini hiyo orodha nani aliitunga? Hakuna anayejua, tuliikuta. Na ndani yake hamna ziwa Jilore wala ziwa Chemchem, kana kwamba Malindi inaishia pale lami ya kwenda Lamu na kwenda Mombasa, nyuma yake hakuna watu.

Sasa sikieni jambo ambalo nililiona siku ile na tangu siku ile halinitoki. Mwezi wa nane ni kusi. Upepo unavuma, mawimbi mazito, mwani umejaa ufukweni, nahodha wa boti ya kioo anaangalia bahari anatikisa kichwa, na hata akitoka huko chini huoni samaki vizuri, unaona maji yamevurugika na mtoto anatapika. Kuanzia mwezi wa tano hoteli zingine zinafunga kabisa wafanyakazi wanarudi nyumbani bila mshahara. Sasa huo huo wakati ambao bahari imefunga, masika ndo imetoka kupita, mto Sabaki umetoka kujaa, na yale maziwa ya bara huko ndo yana maji na ndege. Bahari ikifunga duka ziwa linafungua. Mungu ametupangia zamu vizuri namna hio na sisi tumeajiri zamu moja tu! Kila mwaka mnakaa vikao vya low season, nasikia, na chai na samosa, kujadili vile msimu wa chini unaua mji, na jibu liko kilomita chache nyuma yenu.

Bas nikawaambia wale wageni, haya, Jilore nimeisikia, najua upande, twendeni tukaitafute. Tukakubaliana elfu mbili mia tano kwenda na kurudi. Tukashika barabara ya Sala Gate, ile inaenda mpaka Tsavo, tukapita Ganda. Simu ya yule baba inaonyesha doa la buluu, lakini njia ya kufika kwenye hilo doa simu haijui, mara ituambie tuingie kwenye shamba la mahindi la mtu. Hakuna kibao. Narudia, hakuna hata kibao kimoja, hata cha mbao kimeandikwa kwa mkaa. Kuna kibao cha shule, cha kanisa, cha zahanati, kuna kibao kikubwa cha mradi fulani uliokwisha zamani na kutu imekula jina, lakini cha ziwa hakuna.

Na wageni wanapouliza kuhusu barabara hio wanauliza jina moja tu, nyote mnalijua, tangu 2023 walipofukuliwa wale waumini waliofunga mpaka kufa kwa maneno ya mhubiri. Yule baba wa Nakuru naye aliniuliza kwa sauti ya chini watoto wasisikie, Shakahola ni mbele huku? Nikamwambia ndio, ni mbele sana, hatufiki. Akanyamaza. Watu wa huku wamezikwa mara ya pili na hilo jina, kila mmoja anadhaniwa ni wa kule. Mimi sisemi lisahauliwe, haliwezi kusahaulika na wale waliopoteza watu wao wana haki ya kutajwa, nasema tu kwamba barabara moja inaweza kubeba majina mawili, na la pili mmelikataa wenyewe kuliandika.

Tulipotea mara mbili. Mara ya pili tuktuk ikazama kwenye mchanga mpaka yule baba akashuka kusukuma na kiatu chake cheupe. Akatokea mzee mmoja Mgiriama ana panga na mfuko wa nailoni, nikamwamkia shikamoo mzee, tunatafuta ziwa. Akasema marahaba mwanangu, mmelipita. Akapanda pembeni yangu hapo mbele, akawa anaonyesha kwa kidevu tu, huku, huku, sasa huku.

Alafu miti ikaachana na tukaliona.

Sijui niwaambieje. Si ziwa la kwenye kalenda. Maji yake ni rangi ya chai ya maziwa, yule mama akasema ona sasa, si nilikuambia tupeleke maziwa, tukacheka tena. Majani yamesimama pembeni yote, yangeyange weupe wamejipanga kama nguo zimeanikwa, mnandi wamekaa juu ya mti mkavu wametandaza mbawa, mdiria mmoja akadondoka majini kama jiwe akatoka na kitu kinachezacheza mdomoni, mtoto mdogo akapiga kelele na lile ziwa lote likaruka. Nilikuwa sijajua kuna ndege wengi hivyo mahali kimya hivyo. Mama wa Nakuru akasema kwao kuna heroe lakini unawaangalia kutoka ndani ya gari, na umelipa getini, hapa umekaa chini kwenye nyasi na mzee anakuelezea.

Na mzee alieleza kweli. Akasema hili ziwa halina chemchemi ya kulitegemea, hili ni mtoto wa Sabaki. Mto ukifurika unapanda huku unalijaza, mto ukishuka unaliacha peke yake, na hapo linaanza kujila lenyewe kwa jua mpaka mafuriko mengine. Kwa hiyo ukame ukija na mto ukikonda nalo linakonda, akasema kuna miaka alivuka kwa miguu pale pale tulipokuwa tunaangalia mnandi, na ile miaka ya ukame ya 2020 mpaka 2022 mvua zikikosa msimu baada ya msimu hali ilikuwa mbaya sana. Na likijaa tena halijai kama zamani kwa sababu kila furiko linakuja na udongo wake, udongo unabaki, kila mwaka sufuria inakuwa nyembamba. Udongo wa wapi mzee? Wa huko juu kote, wa Ukambani.

Hapo na mimi nikapata la kusema manake hilo nalijua kwa upande wa bahari. Huu mto ni mmoja una majina matatu, huko Nairobi ni Athi, Tsavo ni Galana, kwetu ni Sabaki, na unabeba kila kitu cha majina yake yote. Ndo ule udongo mwekundu unaomwagika baharini pale daraja la Sabaki, na kaskazi ikivuma unasukumwa kuja huku kwetu mpaka maji ya ufukwe wa mjini yanakuwa kahawia na mgeni anauliza kama ni choo kimepasuka. Ndo huo mchanga umefanya ufukwe wa Malindi ukue mpaka hoteli zilizojengwa karibu na maji leo ukitaka kuogelea unatembea jangwani kwanza. Wengi wanaona bahari na ziwa ni mambo mawili ya ofisi mbili. Ni mto mmoja tu. Unajaza ziwa Jilore, unatuchafulia ufukwe, unapeleka maji ya kunywa Malindi na Mombasa kutoka Baricho, unalisha viboko na ndege pale mdomoni unapoingia baharini, na kabla ya hayo yote umeoga taka za Nairobi.

Lakini si kila kitu tuwatupie watu wa juu. Pembeni ya ziwa nimeona kwa macho yangu mahindi yamepandwa mpaka majini, mstari wa mwisho wa mahindi umesimama kwenye tope, na pampu ya petroli inavuta maji usiku na mchana. Simlaumu mwenye pampu, ana watoto. Lakini sheria ya ukingo wa maji ipo na hamjawahi kwenda kumuonyesha mpaka uko wapi, mtakuja siku moja na polisi mng'oe mahindi yamekomaa, ndo desturi yenu, mniwie radhi kwa kusema.

Sasa mambo ya aibu. Kulikuwa na kijana ana mtumbwi, akasema mia mbili kila mtu nawazungusha. Mtumbwi wenyewe umezibwa kwa kipande cha bati la kopo na lami, ndani kuna mtungi wa lita tano umekatwa nusu wa kutolea maji, na upondo. Nikamuuliza laifu jaketi? Akacheka, akasema kina ni kifupi. Mamba je? Akasema mamba anajulikana. Anajulikana! Yule mama akanitazama, mimi ndo mwenyeji, mimi ndo natakiwa nijue, nikasema mama watoto wasipande. Yule mtoto mkubwa alilia kabisa. Baba akapanda peke yake akarudi na suruali imelowa mpaka magotini na uso wa mtu aliyerudishwa utotoni, akampa kijana elfu moja akakataa chenji. Elfu moja, wakubwa, kwa nusu saa na upondo. Huyo kijana aliniambia kwa kambare anaovua hapo kuna siku anatoka na mia mbili, kuna siku na mikono.

Na chakula hakuna, choo hakuna, yule mama ilibidi aende nyuma ya kichaka na kanga nimshikie mimi? Haiwezekani, mzee akaita binti wa boma la jirani akampeleka kwao. Tena wakamkaribisha sima na mboga ya mtsunga na kambare wa kukaanga, akala na mkono, akasema hicho ndo chakula kitamu alichokula tangu ashuke kwenye treni, alafu akataka kulipa wakamkatalia kwa sababu mgeni halipishwi sima. Mimi nimekaa hapo nafikiria, huyu binti akiambiwa tu na mtu wa ofisi kwamba inaruhusiwa kupika na kuuza, na bei ikaandikwa, hio nyumba ingekuwa na pesa ya daftari.

Na msiniambie haiwezekani kwa sababu hapa hapa karibu inafanyika. Pale Mida kuna njia ya mbao imepita juu ya mikoko, mgeni analipa kidogo anatembea mpaka kwenye kibanda cha kuangalia ndege, na zile pesa zinaingia kwenye mfuko unaosomesha watoto wa sekondari wa vijiji vilivyopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke na hiyo Mida yenyewe, mpango wa ASSETS wa watu wa A Rocha, shirika la mazingira. Mtoto anasomeshwa na mikoko, sasa nani ataikata? Pale Gede mradi wa Kipepeo tangu 1993 watu wanafuga vipepeo vya msituni na pupa zao, yaani buu likishajifunga kabla ya kuwa kipepeo, zinauzwa nje, na wanaouza ni wakulima wa kawaida. Na wale vijana watembeza watalii wa Arabuko, mtu anashuka ndege kutoka Uingereza anaenda kwao anasema nataka bundi wa Sokoke, kabundi kadogo ka sentimita kama 16, hakazidi sana kiganja, na kijana anampeleka mchana kweupe mpaka chini ya tawi lenyewe, anamuonyesha. Kwa hiyo watu tunao, akili tunayo, tunachokosa ni nyinyi kuinuka kwenye kiti.

Nitawaambia na jambo lingine moja la ndege alafu niwaachie. Kuna mnana mmoja anaitwa mnana wa Clarke, manjano na nyeusi, huyu dunia nzima hana kwao isipokuwa Kilifi hii yetu, msitu wa Arabuko-Sokoke na ule wa Dakatcha, bas. Kwa miaka na miaka wataalamu walikuwa wanamuona anaruka lakini hakuna aliyewahi kuona kiota chake, ikawa kama jini. Mpaka 2013 ndo kikapatikana, na unajua kilipatikana wapi? Kwenye kidimbwi cha msimu huko Dakatcha, kwenye majani ya majimaji, mahali ambapo mimi na wewe tukipita tunasema hapa ni tope tu pachimbwe pafyatuliwe matofali. Ndo maana sitaki kusikia mtu akiniambia Jilore ni dimbwi la msimu. Kile kidimbwi nacho kingeitwa tope tu kikachimbwa, yule mnana angekuwa amehamia wapi?

Sasa ile barua ya kwanza. Niliporudi mjini nikaandika ukurasa mmoja, kwa mwandiko wangu mzuri, naomba kibao cha ziwa na laifu jaketi nne. Sitaitaja ofisi. Meza ya kwanza wakaniambia vibao ni watu wa barabara. Watu wa barabara wakaniambia kibao cha kivutio ni watu wa utalii. Wa utalii wakaniuliza ziwa lipo? Wallahi aliniuliza hivyo, dada mmoja mpole tu, nikamuonyesha picha kwenye simu akasema haki pazuri, hapa ni Naivasha? Akanigongea stempu kwenye nakala yangu, IMEPOKELEWA, hio stempu ninayo mpaka leo kwenye droo ya tuktuk chini ya kadi ya bima. Laifu jaketi wakasema ni mambo ya majini, niende ya majini. Wa majini wakasema wao ni wa bahari.

Nikarudi steji nikakaa chini ya mwarobaini nikafikiria ile nguzo. Manake sisi tunawapeleka wageni pale kila siku na tunawasimulia. 1498 Vasco da Gama alikuja hapa, Mombasa kumemshinda, hajui njia ya kuvuka kwenda India. Mfalme wa Malindi akampokea akampa chakula akampa na mtu wa kumuonyesha njia, akavuka bahari yote mpaka Kalikuti, India. Na kabla yake karne hio hio mfalme wa Malindi alishatuma twiga mpaka China, twiga mzima, kwa bahari, akafika hai! Sasa nyinyi ni warithi wa ofisi hio. Twiga alifika China na mgeni wangu wa Nakuru hakufika Jilore bila kupotea mara mbili.

Kwa hiyo naomba, na ni vitu vidogo, sijaomba hoteli wala sanamu. Tena kwa Mungu msijenge hoteli hapo, mkijenga hoteli sitawasamehe. Kibao kimoja barabarani baada ya Ganda na kingine pale njia inapogawanyika, na viandikwe Kiswahili kwanza, manake wageni wa mwezi wa nane ni wa Nakuru na Thika na Machakos, sio wa Milano. Mchanga uwekewe kifusi ile sehemu tuliyozama, ni kama urefu wa uwanja wa mpira, sio zaidi. Laifu jaketi, ziwe na za watoto. Choo. Bei ibandikwe, ikubaliwe na wanakijiji wenyewe kwenye baraza na pesa ibaki kwao, isiende kwenye akaunti huko alafu irudi imekuwa semina. Mtu wa maji aende amuonyeshe yule mwenye pampu mpaka wake na amsikilize pia. Na mzee wangu yule wa panga mmuite mumrekodi kabla hamjachelewa, anajua miaka ya mto kichwani kama nyinyi mnavyojua tarehe za mshahara, anajua El Niño ya 1997 ilifika mti gani na ile ya mwisho wa 2023 ilifika mti gani.

Chemchem sijafika bado, kwa hiyo sitasema mengi, watu wa huko Kakoneni wasikasirike, nitakuja. Nasikia ni hivyo hivyo, maji yapo, kibao hakuna.

Na hata nyinyi wenyewe, niwaulize kwa adabu, mara ya mwisho mliona ziwa la Malindi ni lini? Chukueni siku moja ya kazi, acheni gari la vioo vyeusi, nitawapeleka kwa tuktuk bei ya mwenyeji. Tutazama kidogo mchangani, mtasukuma, si vibaya. Mkalie nyasi mnyamaze dakika kumi tu. Simu haishiki vizuri huko, hilo nalo ni neema.

Juzi yule mama wa Nakuru amenipigia. Anasema kwaya yao ya kanisani inakuja pwani Disemba, wako kumi na wanne, wamekodi matatu, na wote wamesikia habari ya maziwa ya Malindi mpaka wamechoka, wanataka kwenda na wao. Akaniuliza, kaka, sasa kibao kimewekwa ama tutapotea tena? Nikamwambia mama, mkifika Ganda mnipigie. Kama kibao hakijawekwa nitakuwa nimesimama mimi mwenyewe pale kwenye njia, shati jekundu, mtaniona.

Wenu,
Dereva wa tuktuk, steji ya Uhuru Garden, Malindi